Pua ya Fundi Zein

"Mashallah, udi wa leo umetulia," alisema Zein akivua viatu mlangoni. "Ni ule aliotuma binti yetu Nabiha?"

Mkewe Khairiya aligeuka. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na chetezo mkononi, na ndani ya chetezo hamkuwa na udi. Hamkuwa na ubani wala chembe ya sukari ya kuunguza. Mlikuwa na makaa manne matupu, basi. Alimtazama mumewe akivuta pumzi ndefu, kisha akitikisa kichwa kwa kuridhika, na moyo ukamfa pale pale.

"Ndio," alisema mwishowe. "Ni ule wa Nabiha."

Akarudi jikoni, akayamwagia makaa maji, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi na kulia bila sauti. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana, na Fadhiya wa ng'ambo ya kichochoro ana masikio, tena ana mdomo wa kuyapeleka aliyoyasikia.

Sasa muelewe jambo moja kuhusu nyumba hii. Kila Alhamisi baada ya alasiri, tangu aolewe miaka thelathini na mmoja iliyopita, Khairiya hufukiza vyumba vyote, na kanzu ya mumewe ya Ijumaa huitandika juu ya tenga ishike moshi. Na kila Alhamisi Zein akirudi kazini, kabla hajapanda hata ngazi ya tatu, alikuwa akipiga kelele: "Leo umetia wa Kihindi!" Au: "Leo umechanganya na waridi, mwanamke, wataka nini?" Hakukosea hata siku moja. Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yao, watu wazima hawa wasioweza kushikana mikono njiani. Kisha, miezi kadhaa nyuma, kelele za ngazini zilikoma.

Mwengine angeuliza. Khairiya si mtu wa kuuliza, ni mtu wa kupima. Aliacha kuvaa kikuba cha asumini, kimya. Akaacha marashi ya usiku, kimya. Leo makaa matupu, na mwanamume akasifu! Mtu anayesifu udi usiokuwapo, alijiambia, pua yake imeshiba kwengine. Kuna nyumba nyengine mjini humu, na kuna mwanamke ndani yake anayemfukizia. Na si kuoa kulikomuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba alisifiwa kwa uongo, kama mtoto anayebembelezwa.

Alikosea, maskini. Lakini ungekuwa wewe ungewaza nini?

Ukweli ni kwamba Zein hakuwa na pua. Yaani pua ilikuwapo, tena kubwa, ila haikufanya kazi. Mafua mabaya ya mwezi mzima yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote za dunia. Daktari alimchungulia kwa tochi, akamwambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Sasa ulikuwa mwezi wa nane. Chai ilikuwa maji ya moto yenye sukari, pilau ilikuwa mchele. Hakumwambia mtu, hata huyu aliyelala naye kitanda kimoja. Sababu ilikuwa kazi.

Zein ni fundi wa mashine za boti, na kule gatini Liwatoni wengi wamesahau hata kumwita Fundi. Humwita Pua. Boti ya petroli ina hatari yake: paipu ikivuja hata kidogo, mvuke wa petroli ni mzito, hushuka mpaka ngamani, pale chini ya sakafu ya boti maji yanapokusanyika, ukajilalia huko ukingoja cheche moja. Kwa hivyo kuna desturi. Kikishaguswa chochote cha mafuta, hakuna anayewasha mashine mpaka Zein apige magoti, atumbukize kichwa ngamani, avute pumzi mara tatu, atoke aseme, "Safi." Akisema safi, nahodha huweka ufunguo bila kuuliza la pili.

Kwa miezi minane Zein alitumbukiza kichwa, akatoka, akasema safi, na hakuwa amesikia harufu yoyote. Alijitetea moyoni kwa karatasi nyeupe. Kila kiungo cha paipu alikipangusa kwa karatasi, na karatasi ikitoka kavu alijiambia hakuna mvujo. Mpaka hapo Mwenyezi Mungu alikuwa amemsitiri. Lakini hakuwa mtu wa raha tena. Alizungukwa na watu kutwa, wakimpigia mayowe kwa lile jina lao, na alikuwa peke yake kabisa.

Jumamosi asubuhi Charo alipiga simu. Charo ni nahodha wa boti ya kutembeza watu, mtu wa Kilifi, mwingi wa maneno na mwepesi wa hasira, na kesho yake alikuwa na jamaa wa harusi wa kuwapeleka matembezini, watu kumi na mmoja.

"Paipu ya petroli imechanika nyufa, Fundi. Ukiikunja yaonyesha nyuzi. Njoo sasa hivi, nakuomba."

Zein alifika na mkoba wake. Aliitazama paipu ya zamani, ngumu, imepauka, akaguna.

"Ina miaka mingapi hii?"

"Ilikuja na boti," alisema Charo. "Nilikuwa nafikiria, pale dukani kuna ile nyeupe ya maji, bei yake yacheka. Si tungefunga hiyo kwanza?"

"Ile ya kunyunyizia maua? Hiyo petroli yaila, Charo. Mwezi haujaisha ishakuwa ngumu, ikapasuka. Wewe unabeba watu au unabeba maua?"

Akatoa paipu mpya mkobani, nzito, nyeusi, iliyopigwa chapa ubavuni kwamba ni ya petroli na ni ya boti, akamsomesha Charo maandishi yale kwa kidole. Kisha akaanza kazi, na katika kazi hii Zein hajui kufanya haraka. Alimwambia Charo azime sigara, tena si kuizima tu, aende akaitupe nchi kavu. Aliutoa waya wa betri. Alifunga koki ya tangi. Alifungua vifuniko vyote vya sakafu, hewa ipite. Aliweka beseni chini ya kiungo ndipo akalegeza vilipu, zile pete za chuma za kubania paipu, na matone yaliyobaki katika paipu kuukuu yakaingia besenini, hata moja halikuanguka ngamani. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umesimama karibu na goti lake.

Upande wa mashine ulikuwa rahisi. Paipu iliingia mpaka mwisho, vilipu viwili vikakaa, bisibisi ikakaza. Upande wa tangi ndio uliokuwa na taabu. Kiungo kiko nyuma ya tangi, hakionekani. Ilibidi alale kifudifudi na kuingiza mkono mpaka begani, afanye kila kitu kwa kupapasa. Alisukuma paipu. Ilikuwa mpya, kaidi. Akasukuma tena mpaka ikagoma. Akafunga kilipu cha kwanza, akafunga cha pili, na hicho cha pili kikazunguka mizunguko miwili zaidi ya wenzake kabla ya kukaza. Zein alisita kidogo. Akapitisha karatasi kwa ncha za vidole, mpaka zilipofika. Ilitoka kavu.

Akafungua koki, akapampu petroli kwa mkono mpaka ikafika kwenye mashine. Akapitisha karatasi tena, nayo ikatoka kavu.

"Haya, pua," alisema Charo, akachomoa ufunguo mfukoni.

Zein alipiga magoti, akatumbukiza kichwa. Mlikuwa na giza na maji kidogo yaliyolala. Akavuta pumzi moja, ya pili, ya tatu. Hamna. Hata angekuwa ametia kichwa katika sanduku la nguo ingekuwa vile vile. Mizunguko ile miwili ikamrudia. Akainua kichwa kidogo, na juu ya benchi mbele yake akaona majaketi ya kuokolea maisha ambayo Charo ameyapanga kwa ajili ya kesho, sita makubwa na matano madogo ya watoto, yametundikwa kwa kamba zao.

"Safi?" aliuliza Charo.

Zein alikaa kitako juu ya sakafu ya boti.

"Fundi. Safi?"

"Lete huo ufunguo."

"Wa nini?"

"Lete." Akaupokea, akautia mfukoni, akafunga koki ya tangi. "Vifuniko viache wazi. Betri isiguswe. Nitarudi kabla ya adhuhuri."

"Kwani umesikia harufu?"

"Usiguse, Charo, nimekwambia!"

"Aa! Sasa ndio kazi gani hii?" Charo alipandisha sauti, na watu wawili waliokuwa wakipara samaki pale karibu wakageuka. "Wachukua ufunguo wangu waondoka? Fundi Nicanor angekuwa ashamaliza, ashakunywa na chai! Kama umechoka sema umechoka, Mzee Zein, si aibu!"

Zein alipanda ngazi za gati bila kugeuka. Mtauliza, kwa nini hakumwambia Charo mwenyewe anuse? Charo ana miaka kumi na tano ya petroli na sigara puani, mwenyewe husema petroli na hewa kwake mamoja. Na nahodha yeyote mwengine angetaka kujua Pua imepatwa na nini. Kulikuwa na pua moja tu katika mji huu ambayo Zein angeikabidhi roho za watu, nayo ilikuwa jikoni kwake, na mwenye pua hiyo hakuwa amemsemesha tangu Alhamisi.

Alimkuta Khairiya chumbani. Juu ya kitanda kulikuwa na begi wazi, na ndani yake madira yamekunjwa vizuri, moja juu ya jingine.

"Waenda wapi?"

"Lamu. Kwa Raihana." Raihana ni dada yake. "Nitakaa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka uniambie jina lake."

"Jina la nani, Khairiya?"

"Usinifanye mtoto!" Alikuwa na kanga mikononi, akaitupa kitandani. "Alhamisi nimekutilia makaa matupu. Matupu, Baba Nabiha! Na wewe ukanisifia udi. Wanicheka? Huyo anayekufukizia na akufukizie, mimi sikatazi sheria, lakini usije kunisifu uongo ndani ya nyumba yangu!"

Zein alishika nguzo ya kitanda. Kwa mara ya kwanza alielewa Alhamisi ile, na za kabla yake, na ukimya wote wa mezani, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawa ya moto.

"Hakuna mwanamke," alisema. "Sisikii harufu."

"Harufu gani?"

"Yoyote. Tangu yale mafua. Si udi, si chakula, si petroli. Sina pua, Khairiya."

Khairiya, kwa kuwa ni mtu wa kupima, alitoka. Alisikika jikoni akifungua na kufunga makabati. Akarudi na mkono nyuma.

"Fumba macho."

Akafumba. Mkono ukaja polepole mpaka chini ya pua yake, ukatulia hapo.

"Ni nini hii?"

Zein alivuta pumzi. Alijaribu kwa nguvu zake zote, hata paji la uso likakunjana.

"Asumini," alisema.

"Kwa nini asumini?"

"Nabahatisha. Kwa sababu mkono wako umekuja polepole."

Akafumbua macho, akaona mbele yake kipande cha papa mkavu, wa wiki mbili, yule ambaye Fadhiya ng'ambo ya kichochoro amekuwa akimlalamikia. Khairiya aliangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa kitandani, juu ya madira yake, na papa mkononi, na kicheko kikageuka kilio bila yeye kujua ni wapi kimegeukia.

"Miezi minane!" alisema. "Miezi minane najipamba kwa ajili ya ukuta! Nimekuoza mimi mwenyewe kichwani mwangu, hata jina nishampa huyo mwanamke!"

"Jina gani?"

"Si kazi yako!" Alijifuta kwa mkono usiokuwa na papa. "Na wewe ukanyamaza. Ulikuwa waogopa nini? Kwamba nitakuacha kwa ajili ya pua?"

"Niliogopa kwamba nikilisema litakuwa kweli," alisema Zein. Kisha akamweleza yote, ngama, karatasi, neno safi, mizunguko miwili, majaketi matano madogo. "Nakuomba twende Liwatoni. Sasa hivi. Na usitie marashi."

Khairiya aliosha mikono kwa ndimu na sabuni, mara tatu. Akavaa buibui ambalo halikufukizwa, na kwa mara ya kwanza tangu awe mwari alitoka mlangoni bila harufu yoyote mwilini. Alihisi yuko uchi.

Charo alipoona tuktuk inasimama na mwanamke wa buibui anateremka, alitupa kamba aliyokuwa akiikunja.

"Assalaam aleikum, mama," alisema, na kumgeukia Zein. "Fundi, ni nini tena?"

"Waaleikum salaam, mwanangu," alijibu Khairiya. "Nishike mkono niingie. Sijapata kupanda kitu hiki maishani mwangu."

Aliingia, akayumba, akashika benchi. Zein alimwonyesha mahali. Kule gatini wale wapara samaki waliacha visu. Mwanamke mtu mzima, mke wa watu, akapiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, akakusanya buibui lake, akatumbukiza kichwa ngamani mwa boti.

Hakuvuta pumzi tatu. Alivuta moja.

"Petroli," alisema kutoka ndani. Akasogea, akanusa tena. "Huku mbele hamna. Ni kule nyuma. Yatoka nyuma ya hiki kisanduku kikubwa."

Kisanduku kikubwa ndio tangi. Zein hakungoja. Alilala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani, na safari hii hakupapasa kilipu. Alipapasa chini ya kiungo, upande wa ukutani, ambako vidole vyake havikufika asubuhi. Vikafika, bega likikaribia kuteguka. Vikatoka vimelowa. Paipu haikuwa imeingia mpaka mwisho. Ilikuwa imeingia nusu, kilipu kimoja kimebana chuma, na cha pili kimebana paipu tupu isiyo na kitu ndani, ndio maana kikazunguka. Tone moja moja, kwa upande wa nyuma, karatasi yake isingelipata hata mara mia.

Alilegeza, akapaka paipu maji ya sabuni, akasukuma huku akilia kwa maumivu ya bega mpaka akasikia imegota. Vilipu viwili vikakaza sawa. Wakapangusa ngama kwa vitambaa, wakavitoa vitambaa nje ya boti, wakaacha vifuniko wazi saa nzima, upepo upite. Kisha Zein akafungua koki, akapampu petroli tena, na Khairiya akapiga magoti.

"Wasikia nini?" aliuliza Zein.

"Chumvi. Rangi. Maji yaliyolala, na sabuni yako."

"Petroli?"

Akakawia. Akavuta pumzi ya pili na ya tatu.

"Hamna," alisema Khairiya. "Safi."

Charo alirudisha waya wa betri, akaendesha feni ya kutolea hewa, akangoja, akaweka ufunguo. Mashine ikaitika mara moja, ikanguruma vizuri. Akaiacha kidogo, akaizima. Ndipo alipomgeukia Zein, na hakupandisha sauti, afadhali angepandisha.

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Siku ya Pasaka uliniambia safi." Akachomoa ufunguo. "Nilimpakia mwanangu Caroline na mamake siku ile. Nilikaa pale mbele nikiimba. Uliniambia safi, Fundi."

"Nilikwambia."

"Na hukujua."

"Sikujua, Charo. Nisamehe."

Charo aliutazama ufunguo mkononi. "Mimi sitanyamaza," alisema. "Wenzangu wana watoto."

"Usinyamaze. Mimi mwenyewe nitawaambia. Nina orodha ya boti zote nilizozigusa, ziko tisa. Nitaanza leo."

Walizimaliza kwa siku nne, yeye na Khairiya, yeye na mkoba, yeye akiwaambia manahodha kwa mdomo wake na mkewe akinusa. Wengine walimfokea. Mmoja alimpa pole, na hiyo ikamuuma zaidi. Kingi, nahodha aliyemfahamu tangu wote wawili hawajaota ndevu, hakutaka akanyage boti yake.

"Mama apande," alisema Kingi. "Wewe ngoja hapo hapo."

Zein alingoja gatini juani, ameshika viatu vya mkewe mikononi, mbele ya kila mtu. Boti zote tisa zilikuwa salama. Khairiya alipoteremka na kumwambia hivyo katika ile ya tisa, Zein alimshukuru Mungu kwa sauti.

Hakuna aliyempigia simu Jumatano, wala Alhamisi. Hakuna aliyemwita Pua. Alikaa nyumbani tangu asubuhi, akanoa bisibisi zisizohitaji kunolewa, akasikiliza watu wakipita kichochoroni na kusalimiana, na kila mara mtu alipopunguza mwendo karibu na mlango aliinua kichwa. Wakapita.

Baada ya alasiri Khairiya alikuja na chetezo, akakiweka chini katikati ya ukumbi, akarudi jikoni. Begi la Lamu lilikuwa bado chumbani, limefungwa, halikufunguliwa wala halikubebwa. Kanzu ya Ijumaa ilikuwa juu ya tenga.

Zein alikitazama chetezo. Makaa yalikuwa mekundu, na moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kuelekea boritini. Moshi wa makaa, moshi wa udi, kwa macho ni mmoja. Akainama, akavuta pumzi kwa mazoea, na ndani yake hamkuingia kitu ila joto. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane hakutafuta neno la kusema.

"Khairiya!" aliita.

"Naam."

"Humu mna udi au hamna?"

Khairiya alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni na kijaluba cha udi mkononi, bado hajakifungua, amesimama hapo tangu atoke.

"Hamna," alisema. "Nauleta."